UKURASA WA UJIRANI: Mto Haujui Mpaka wa Wilaya

Mwezi huu ukurasa wetu unakwenda Nakaloke, mji mdogo kando ya barabara ya kutoka Mbale kwenda Soroti. Wengi tukisikia "wilaya", "jiji" au "LC5" tunadhani ni mambo ya wakubwa ofisini. Lakini mvua kubwa ikinyesha usiku kule mlima Elgon, ndipo utajua kwamba mambo hayo yanaingia mpaka chini ya kitanda.

Tuanze na mipaka. Zamani Mbale ilikuwa wilaya moja kubwa. Mwaka 2000 Sironko ikatoka. Mwaka 2005 Manafwa nayo ikatoka, na 2006 Bududa ikazaliwa kutoka Manafwa. Bulambuli ikakatwa kutoka Sironko mwaka 2010, Namisindwa kutoka Manafwa mwaka 2017. Halafu tarehe 1 Julai 2020 Mbale mjini ikawa jiji, au siti kama watu wanavyosema, na Nakaloke ikaingizwa humo, Divisheni ya Kaskazini. Yaani mtu wa Nakaloke alilala wilayani akaamka jijini, na nyumba yake haikusogea hata hatua moja!

Kugawa siyo vibaya. Ofisi ikiwa karibu, mama hatembei siku nzima kufuata karatasi moja. Lakini kila wilaya mpya ina mwenyekiti wake, baraza lake na bajeti yake, na mlima umebaki ule ule mmoja. Mto Manafwa unaanza juu Bududa, unateremka, unapita wilaya baada ya wilaya, mpaka Butaleja kwenye mashamba ya mpunga ya Doho. Mtu wa juu akikata miti na kulima mpaka ukingoni, udongo unamfuata mtu wa chini. Na huyo wa chini hapigi kura kule juu. Sasa amlalamikie nani?

Tumeona matokeo yake. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulianguka Nametsi, Bududa, na watu zaidi ya 100 walikufa au kupotea. Baadhi ya waliobaki walihamishiwa mbali sana, Kiryandongo, wilaya ile ile inayopokea wakimbizi wengi. Kwa hiyo ndugu, kuhama si jambo letu peke yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo, ikaingia Mbale mjini. Watu zaidi ya 20 walikufa na mabomba ya maji yakakatika. Yale maji yalitoka milimani, upande wa Wanale, yakafika kwa watu ambao wengine hawakuona hata mvua yenyewe ilivyokuwa kule juu.

Je, majirani wamekaa tu? Hapana. Katiba ya Uganda ilipotungwa mwaka 1995, kifungu cha 178 kilifungua mlango: wilaya mbili au zaidi zinaweza kushirikiana katika utamaduni na maendeleo. Katika miaka ya 2010 wilaya tatu, Mbale, Manafwa na Bududa, zilikaa pamoja zikatengeneza mpango mmoja wa kukabili mabadiliko ya hali ya hewa, zikisaidiwa na UNDP na Serikali ya Wales. Kukawa na kazi ya kupanda miti, na mwaka 2019 idadi ikafika milioni 10.

Hapa kuna akili ya kujifunza. Mkulima wa mlimani ana kishamba kidogo. Ukimwambia "panda miti ili jirani yako wa chini asifurike", atakuuliza, "Na watoto wangu watakula nini?" Kwa hiyo anapewa miche bure, na miti yenyewe ni ya faida kwake: ya kivuli cha kahawa, ya matunda, ya kuni. Ujirani unaomwumiza mmoja haudumu.

Kule Butaleja nako, mwaka 2014 viliwekwa ving'ora vinavyotumia nguvu ya jua, vya kuonya watu Manafwa ukijaa. Jambo zuri. Lakini king'ora kiko chini na mvua iko juu. Kama mtu wa Bududa ana namba ya simu ya mwenzake wa Butaleja, watu wanapata muda zaidi wa kushika watoto na kukimbia.

Tusidanganyane, bado kazi ni kubwa. Wilaya tatu siyo mlima mzima. Novemba 2024 udongo ulifunika vijiji vya Bulambuli, watu wakafa tena. Mti unataka miaka kushika udongo, na mpango ukiishia kwenye karatasi hauzuii hata tope la mlangoni.

Na sisi? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kabla ofisi kubwa haijafika, jirani amefika. Bloku mbili zikitumia mfereji mmoja, bloku ya juu ikitupa takataka humo, bloku ya chini ndiyo inayolala majini. Sisi tuna viongozi wetu wa RWC, wenyeji wana LC1. Wakae pamoja wakati wa kiangazi, siyo siku ya mafuriko, maana siku ile kila mtu anatafuta mtoto wake. Wapatane mambo matatu tu: nani anasafisha wapi, nani anampigia nani simu maji yakija, na yule anayefanya kazi kubwa zaidi anapata nini.

Ya kuzungumza nyumbani jioni:
1. Maji yanayopita mlangoni kwetu yanatoka kwa nani, na yanakwenda kwa nani?
2. Tunaijua namba ya simu ya kiongozi wa upande wa pili?
3. Watoto wanajua pa kukimbilia usiku?

Msipojua jibu la swali la pili, kesho asubuhi mtumeni kijana mmoja akaiulize. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.