Kichomi na Nasaba

Inapofika miezi ya Juni na Julai, ukungu ukatanda juu ya uwanda wa Makonde kule Newala na baridi ikashuka hata Masasi kwenye milima yake ya mawe, watu hulala karibu na moto, watoto huanza kukohoa, na haipiti siku bila kusikia ikinenwa juu ya nyumba fulani kwamba wale ni watu wa vifua tangu babu zao. Wako wanaoyacheka maneno hayo. Mimi siyacheki, kwa kuwa wataalamu wa tiba wamekwisha kudhihirisha kwamba yana asili ya kweli. Illa nataka kuyawekea mpaka, maana ukweli uliomo ndani yake ni mdogo, na udhuru tunaoujenga juu yake ni mkubwa.

Kila mwanadamu huzaliwa na kinga ambayo haikufunzwa na maradhi wala na chanjo, na katika kinga hiyo chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili ni miongoni mwa za kwanza kuwahi mahali vijidudu vilipoingia, zikavimeza na kuviua. Kule Kilifi, katika pwani ya Kenya, watafiti walichunguza jeni za watoto zaidi ya 5,000, wengine wazima na wengine walioingiwa na bakteria katika damu, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba iko tofauti ndogo ya jeni, inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika tu, ambayo huzidisha zaidi ya mara mbili hatari ya kuingiwa na nimokokasi, bakteria yule yule aliye sababu kubwa ya kichomi. Na jeni yenyewe waliikuta ikifanya kazi katika nyutrofili peke yake.

Habari hii ni ya fahari, walakini isomwe mpaka mwisho. Katika kila nakala 100 za jeni hiyo, tofauti ile ilionekana katika 2.7 kwa watoto wazima na 6.4 kwa wagonjwa. Maana yake walio wengi sana miongoni mwa waliougua hawakuirithi kabisa. Fauka ya hayo, damu iliyopimwa ilikuwa ya watoto wa Kilifi, ilhali Masasi ni mji wa Wamakua, Wayao na Wamakonde, pamoja na kizazi cha watumwa waliokombolewa ambao Askofu Steere aliwaleta hapa mwaka 1876, watu wa asili nyingi zilizochanganyika. Basi atakayetaka kuhukumu nasaba zetu sharti aje apime hapa.

Iko, hata hivyo, nasaba moja isiyo na shaka, nayo ni selimundu. Mtoto aliyerithi maradhi hayo kwa baba na kwa mama huharibikiwa na wengu tangu uchanga, na wengu ndio unaochuja damu na kuvikamata vijidudu. Utafiti wa Kilifi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba hatari ya watoto hao kuingiwa na bakteria katika damu ilikuwa takriban mara 26 ya wenzao, na kwa wawili katika kila watano walioingiwa, bakteria mwenyewe alikuwa nimokokasi. Tanzania huzaliwa watoto kama 11,000 wa namna hiyo kila mwaka. Dawa ya kuwakinga si ngeni wala ghali: mwaka 1986 huko Marekani ilithibitika kwamba penisilini ya kila siku hupunguza maambukizo ya nimokokasi kwa watoto hao kwa asilimia 84.

Kwa waliosalia, kusema "ni wa vifua" hakuponyi mtu. Muuguzi ajuaye kazi yake humfunua mtoto kifua akiwa ametulia mapajani kwa mama, akatazama saa na kuhesabu pumzi dakika nzima: 50 au zaidi kwa aliye kati ya miezi miwili na mwaka, 40 au zaidi kwa aliyevuka mwaka hadi mitano, ni dalili ya kichomi, na sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila avutapo pumzi, hali imezidi kuwa mbaya. Hana haja ya kuuliza babu yake alikufa na nini. Moshi wa kuni katika chumba kisicho na dirisha, utapiamlo, na chanjo ya nimokokasi ya wiki ya 6, 10 na 14, ambayo nchi hii imekuwa ikiitoa tangu mwaka 2013 na bado wako wanaoikosa, hivyo vyote viko mikononi mwetu, nasaba haiko.

Nawasihi basi wakuu wa hospitali za Masasi na Newala, na Wizara iliyo juu yao, waifanye kuwa desturi kwamba kila mtoto azaliwaye atolewe tone la damu kisiginoni na kupimwa selimundu kabla mama hajaondoka wodini, na atakayeonekana nayo apewe tarehe ya kurudi kuanza penisilini atimizapo miezi miwili.