Tusidharau Gia za Mkono

Ndugu msomaji, huenda bado hujafikia umri wa kuendesha gari, wala huna senti ya kulinunulia. Hata hivyo nataka tuzungumze juu ya magari, kwa sababu siku itakuja, nayo haiko mbali, utakaposimama mbele ya magari mawili na fedha za jasho lako mfukoni, na mtu mwenye ulimi mtamu atakuambia, "Chukua hili, hili ndilo la kisasa." Siku hiyo ningependa uwe na jibu.

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alisema mbele ya darasa kwamba gari la gia za mkono ni la madereva wa lori na matatu, na kwamba mtu aliyesoma hana haja ya kujitaabisha na klachi. Wenzake wakacheka na kumpigia makofi. Mimi sikucheka. Maneno yale yalikuwa na makosa mawili: yalidharau kazi ya mikono, na yalisifu kitu ambacho msemaji mwenyewe hakukijua. Nilipomwuliza hilo gari analolisifu hubadilisha gia namna gani, alinijibu, "Hujibadilisha lenyewe, mwalimu." Basi ndiyo elimu yake yote.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Hakuna chombo kinachojibadilisha chenyewe. Injini huzunguka hata gari likiwa limesimama, na klachi ndiyo inayoiunganisha na gia au kuitenga nazo. Katika gari la gia za mkono, mguu wako wa kushoto hukanyaga klachi na mkono wako huchagua gia. Lakini yako magari mengine, nayo yamekuwa mengi katika barabara zetu, yenye klachi mbili. Klachi moja hushika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine hushika ya pili, ya nne na ya sita. Unapokwenda kwa gia ya pili, ya tatu imekwisha kutiwa, inangoja zamu yake tu. Klachi moja ikiachia, nyingine hushika papo hapo, na abiria hahisi lolote. Anayeamrisha yote hayo si mguu wala mkono, bali ni kompyuta.

Ufundi huo si mchezo. Mhandisi Mfaransa, Adolphe Kégresse, aliufikiria tangu mwaka 1939, lakini vita vikazuka na wazo lake likalala. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Porsche iliutumia katika magari ya mashindano, na mwaka 2003 Volkswagen ikautia katika gari la Golf lililouzwa kwa watu wa kawaida. Sitaki kuwa mwongo: gari la namna hii hubadilisha gia upesi kuliko mkono wa dereva yeyote, tena halili petroli nyingi likiwa katika barabara iliyo wazi. Lingekuwa jipya, na fundi wake akawa karibu, na mwenye nalo akawa na fedha za kulitunza, nisingekuwa na neno.

Lakini sisi hununua magari namna gani? Wengi wetu hununua yaliyokwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8, na kwa hiyo gari linalotufikia mara nyingi lina miaka 6 au 7. Je, oili ya giaboksi ilibadilishwa kwa wakati wake? Aina nyingi zinazolowesha klachi zake katika oili hutaka oili mpya kila kilomita 60,000 hivi, tena oili ya namna yake peke yake. Mnunuzi hajui, na mara nyingi muuzaji naye hajui.

Kisha tazama mahali tunapoyaendesha. Katika foleni gari husogea hatua mbili likasimama, likasogea tena likasimama. Kila linaponyatia hivyo, klachi husuguana na kupata moto. Dereva wa gia za mkono huuhisi usumbufu huo mguuni mwake, na mwenye akili hungoja nafasi ipatikane ndipo aondoke. Dereva wa klachi mbili hahisi kitu. Huachia breki kidogo kidogo, na chini ya miguu yake chombo kinaungua kwa siri.

Wala usidhani kwamba taabu hizi ni zetu peke yetu. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita magari zaidi ya 380,000 nchini China yarekebishwe, kwa sababu ya kasoro za giaboksi za aina hii. Mwaka huo huo na uliofuata, Honda nayo iliyaita zaidi ya mara moja magari yake ya Fit yatumiayo petroli na umeme, ili kusahihisha programu inayoziongoza klachi. Wale walikuwa na viwanda vya kuwasaidia. Mwenye gari kuukuu kule Kitale au Voi atarudishiwa na nani?

Nasema haya kwa uchungu, maana yamenipata. Mwaka 2021 mimi na mke wangu tulichukua mkopo katika chama cha kuweka na kukopa, tukanunua gari dogo la klachi mbili. Sitaji jina la kampuni, kwani kosa lilikuwa langu. Niliuliza habari za rangi, redio na viti. Habari za giaboksi sikuuliza. Miezi tisa nilijivuna. Kisha gari likaanza kushtuka kila nilipoondoka katika foleni, mfano wa punda anayekataa mzigo, nami nikajifanya sioni. Jioni moja ya mvua, watoto wakiwa ndani, likakataa kabisa kupanda kilima. Fundi wetu wa mtaani, mtu hodari awezaye kufungua giaboksi ya mkono na kuifunga bila kubakiza hata nati moja, alikuna kichwa tu. Nilipopelekwa kwa mwenye mitambo ya kupimia, bei niliyotajiwa ilikaribia theluthi ya bei ya gari. Tuliliuza kwa hasara, tukaendelea kulipa mkopo wa gari tusilokuwa nalo. Karo niliyomwahidi mdogo wangu ikakosekana, naye akakaa nyumbani mwaka mzima huku wenzake wakisoma. Hakunilaumu hata siku moja, na jambo hilo liliniuma zaidi kuliko deni.

Gari tulilo nalo sasa ni la gia za mkono. Klachi yake nayo huchakaa, sikatai. Lakini pleti ya klachi hupatikana katika mji wowote wenye duka la vipuri, na mafundi wa kuibadilisha ni wengi. Betri ikifa, majirani wawili hulisukuma, nikatia gia ya pili, likawaka. Ukilisukuma la klachi mbili kwa tumaini hilo, utachosha majirani bure.

Utaniambia kwamba mguu huchoka katika foleni. Kweli, huchoka, lakini uchovu wa mguu huisha usiku, na deni haliishi usiku. Utaniambia wako watu ambao hawawezi kutumia mguu wa kushoto. Hao nawaunga mkono: gari la otomatiki kwao ni haki wala si anasa. Tena otomatiki si za namna moja. Iko ile ya zamani inayopitisha nguvu ya injini kwa oili badala ya klachi ya kusuguana, nayo huvumilia foleni kwa subira nyingi na mafundi wetu wameizoea.

Labda utatoa hoja iliyo kali kuliko zote: kwamba magari ya umeme yanakuja, mengi yao hayana klachi moja wala mbili, na kwa hiyo mimi natetea kitu kinachokufa. Naam, huenda gia za mkono zitakufa. Lakini sizitetei kwa kuwa ni za kale. Natetea tabia ya kukijua chombo kabla ya kukipa fedha zako, na hiyo haitakufa. Siku utakaponunua gari la umeme, uliza hali ya betri yake kama nilivyopaswa kuuliza habari za klachi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapojifunza kuendesha, jifunze kwa gia za mkono kwanza. Siku hizi yupo anayefanyiwa mtihani kwa gari la otomatiki tu, naye hupewa leseni ya magari hayo tu; akipata kazi ya kuendesha gari la shule au lori la shamba atasimama kando. Na utakapokwenda kununua, uliza maswali matatu: chombo hiki hufanya kazi namna gani? Kilitunzwaje kabla ya kunifikia? Kikiharibika, ni nani karibu nami awezaye kukitengeneza, na kwa bei gani? Ukipata majibu ya kutosha, chukua hata la klachi mbili, nami nitakupongeza. Usipoyapata, lirudishe fungo la gari mezani kwa adabu, uondoke. Na yeyote atakayekucheka kwa kushika gia kwa mkono, mwombe akueleze lake hubadilisha gia namna gani.