Mbwa Akipotelea Upeoni, Usimpigie Makofi

Ukikaa na wawindaji wa South Dakota, Marekani, mwezi Oktoba, msimu wa kuwinda ndege aitwaye fezanti unapofunguliwa, hutakosa kumsikia mmoja akijisifu kwamba mbwa wake ana moto: ukimfungulia tu, ameshavuka shamba. Wenzake humsikiliza kwa wivu. Hakuna anayeuliza swali la maana. Huko alikokwenda, ndege akiruka, nani atampiga?

Imani kwamba mbwa hodari ni yule wa mbio na masafa imekaa vichwani mwa watu kiasi kwamba wauzaji wa watoto wa mbwa huitumia kama chambo. Kwa mbwa wa kufurusha ndege, mathalani English Springer Spaniel, imani hiyo ni upuuzi mtupu.

Nadhani tuliirithi kwa mbwa aina ya pointa. Pointa akinasa harufu ya ndege huganda, mguu mmoja juu, na anaweza kuganda mita mia mbili mbele yako. Hakuna neno, utamfikia kwa hatua zako, na ndege akiwa mtulivu utamkuta bado kajibanza. Spanieli hagandi. Kazi yake ni kumwingilia ndege majanini mpaka aruke, na akisharuka hakuna wa kukusubiri. Bunduki ya marisau inaua kwa uhakika mpaka mita 35, tuseme 40 kwa mpigaji stadi. Sasa piga hesabu. Fezanti akishapata kasi hupita kilomita 60 kwa saa. Mpaka uitambue rangi yake, maana South Dakota huruhusiwi kupiga majike, uinue bunduki na kulenga, ameshaongeza mita kumi au zaidi. Kwa hiyo mbwa anayefurusha ndege mita 35 mbele yako amekupa ndege wa mita 45 au 50. Ukifyatua hapo, kuna hatari kubwa ya kumjeruhi tu, akaenda kufia mateteni bila kuonekana. Huo ndio ushujaa tunaousifu?

Watanijibu: lakini wa mbali anakagua eneo kubwa. Anakagua kwa nini, kwa miguu? Mbwa hutafuta kwa pua, na pua inafanya kazi kwa hisani ya upepo. Harufu humtoka ndege ikifuata upepo, nyembamba pale alipo, ikipanuka kadiri inavyosogea mbali naye. Mbwa anayeijua kazi yake, upepo ukimjia usoni, hufanya kama nahodha wa jahazi anapopiga bisho: anakata kushoto, anageuka, anakata kulia, mita 20 au 25 kila upande wa bwana wake, na kila akigeuka anasogea mbele kidogo tu. Hivyo anaukata mkondo wa harufu hata kama ndege kajificha pembeni kabisa. Yule wa moto anatoka mshale, na kilichomponyoka kulia na kushoto hakijui.

Upepo ukitoka nyuma ndipo utakapomjua mbwa mwenye akili. Akianza kukata kushoto na kulia karibu na miguu yako, atamkanyaga ndege kabla ya kumnusa. Mwenye akili hutoka mbele, bila kuvuka masafa ya bunduki, kisha hugeuka na kutafuta akirudi kwako, upepo sasa ukiwa usoni mwake. Mgeni akimwona hudhani kachanganyikiwa.

Hapa niwaguse na wale wa upande wa pili, wanaotaka mbwa achore mistari iliyonyooka kama ya rula. Hao nao ni wagonjwa wa aina yao. Kila mita kumi filimbi, kila mita kumi mkono hewani, mpaka mbwa anaacha kunusa na kubaki kumtazama bwana wake. Upepo ukipiga ubavuni, mistari lazima ilale mshazari. Penye nyasi zilizolala, zisizoweza kuficha hata panya, kupita haraka ndiyo busara. Penye matete mazito mbwa aachwe azame, azunguke, atoke, aingie tena.

Mtazame mbwa anapofika kwenye harufu mbichi ya ndege. Mkia uliokuwa ukipepea taratibu unaanza kutetemeka kwa kasi, kichwa kinashuka, mabega yanainama, na mstari wote alioufuata unavunjika. Hapo mwenye filimbi na anyamaze. Tatizo ni kwamba fezanti hupenda kukimbia kuliko kuruka. Anaweza kumvuta mbwa mita mia kwa miguu, na mbwa bila kujua anakutoa kwenye masafa yako. Ndiyo maana mafunzo ya msingi kabisa ni kuketi kwa filimbi moja: mbwa anakaa, wewe unasogea, kisha anaendelea kufuata. Mbwa wa moto wa yule mwindaji tuliyeanza naye hasikii filimbi hata ya treni.

Na hiyo mbio yenyewe ina gharama. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na anayehema mdomo wazi hanusi sawasawa. Siku ya joto na ukavu, nusu saa ya kutimua vumbi inatosha kumgeuza mbwa mwenye pua nzuri kuwa mkimbiaji wa kawaida. Clumber, spanieli mzito mwenye mwendo wa kizee, watu humcheka. Ndege aliyejibanza chini ya kichaka hamcheki.

Waingereza, waliofanya mashindano ya kwanza ya spanieli mwaka 1899 huko Sutton Scarsdale, Derbyshire, walilielewa hili mapema. Katika mashindano yao mpaka leo, mbwa akimpita ndege aliyelala ndani ya eneo lake, ni kosa kubwa, na kelele za mwenye mbwa nazo zinaandikwa kuwa kosa. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mbwa wake akikata shamba kama risasi, usimtazame mbwa. Pita taratibu palepale alipopita, uhesabu ndege watakaoruka miguuni pako, kisha mzungumze bei.