Kumsikiliza Aliye Mdogo Wako



Wako watu ambao ukiwasifu kwa kazi njema huinamisha kichwa na kusema, "Ah, mimi si kitu." Lakini hebu mwambie mtu huyo huyo kwamba mahindi yake ameyapanda karibu-karibu mno, au kwamba wimbo aliouanzisha Jumapili ulikuwa juu mno. Hapo utauona moto! Unyenyekevu wa mdomo hauna gharama, wala sitaki kuusemea leo. Nataka tuutazame ule mgumu, yaani kukubali kufundishwa na mtu aliye chini yetu kwa umri, kwa cheo au kwa mali.

Mfano wake umo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Naamani alikuwa jemadari wa mfalme wa Siria, mtu shujaa, lakini mwenye ukoma. Ni nani aliyemwonyesha njia ya kupona? Msichana mdogo wa Kiisraeli, mateka wa vita, aliyemtumikia mkewe. Basi Naamani akasafiri na farasi, fedha, dhahabu na mavazi 10 ya kutoa zawadi. Nabii Elisha hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mtu tu amwambie akaoge mara 7 katika mto Yordani. Jemadari akawaka kwa hasira. Mito ya kwao Damasko ilikuwa na kasoro gani? Akageuka kwenda zake, na ukoma wake mwilini. Waliomsihi kwa upole hata akarudi mtoni ni watumishi wake. Mara mbili bwana mkubwa huyu aliongozwa na watu ambao hata majina yao hayakuandikwa.

Sasa tuje kijijini. Baba amempeleka mtoto mwenye homa zahanati. Amepimwa, ni malaria, amepewa dawa mseto, ambayo hunywewa mara 6 kwa siku 3, tena pamoja na chakula. Muuguzi ni binti wa miaka ishirini na kitu, pengine mtoto wa jirani ambaye baba huyu alimwona akitambaa. Binti anaeleza, baba anaitikia "ndiyo, ndiyo," wala hakushika neno. Aona aibu kusema, "Binti, rudia, sijaelewa." Nyumbani yumo kijana wa darasa la sita awezaye kuyasoma maandishi ya dawa, lakini baba hataki mwanawe ajue kwamba herufi zilimpita. Homa ikipungua siku ya pili, vidonge vinavyobaki huwekwa darini, eti akiba ya mgonjwa mwingine. Siku chache baadaye mtoto anazidiwa usiku wa manane, na zahanati iko mbali. Mtasema ni ujinga? Mimi nakataa. Ujinga ungalitoka kwa swali moja tu, na kuuliza hakulipiwi. Kilichomziba kinywa baba huyu ni kiburi, ijapokuwa kanisani hupiga magoti vizuri sana.

Nami karani wa parokia nayaona hayo kila juma. Watu huja kutaka cheti cha ubatizo, au kuandikisha mtoto. Wengi wamesahau miwani nyumbani. Ajabu ya miwani hiyo, kila siku imesahauliwa! Siwacheki, maana aibu hiyo inauma kweli. Lakini mama mmoja mzee aliniambia wazi, "Mwanangu, mimi sikusoma. Andika, kisha unisomee nisikie ulichoandika." Nikasoma, akanisahihisha jina la mjukuu wake papo hapo, akaenda zake kwa amani. Yule wa miwani hutia sahihi bila kusomewa, na kosa la jina hugunduliwa mtoto akiwa mtu mzima, siku anapotaka kuandikisha ndoa.

Tahadhari moja. Mtu asichukue neno hili akamwambie mama anayepigwa kwamba anyenyekee zaidi. Kunyamazia dhuluma sio unyenyekevu. Mama huyo na amwone Padre, na wazee, na serikali pia, bila kuogopa.

Wababa huniuliza, "Je, nikimwomba mtoto radhi, heshima yangu itakwenda wapi?" Twasoma katika Injili ya Yohane, sura ya 13, kwamba Bwana Yesu aliwaosha mitume wake miguu usiku ule kabla ya mateso. Petro alikataa kwanza, kwa kuona ni fedheha, wala Yesu hakuacha kuwa Bwana wake kwa kushika beseni. Na tena, baba, watoto wanajua tayari. Ulipomkaripia kijana jana kwa panga lililopotea, na leo limeonekana chini ya kitanda chako mwenyewe, nyumba nzima inajua, hata mgeni aliyelala sebuleni anajua. Wanangoja waone utafanya nini. Mwite basi, useme, "Mwanangu, nilikukaripia bure, panga nimeliona." Yatosha. Usiongeze, "Lakini na wewe siku ile ulipoteza jembe." Mpe panga lake aende akawakatie ng'ombe majani.