Mfumo wa forodha ukizima, mfanyabiashara asitozwe

Tangu mwaka 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Kigali hulipiwa ushuru Rwanda ukiwa bado bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Karatasi zimepungua na safari imefupika. Lakini sasa kila hatua inategemea seva. Ikizima, wakala hawezi kutuma nyaraka, na lori husimama Rusumo, Gatuna au bandari kavu ya Masoro huku gharama zikipanda.

Jibu la kawaida ni “mtandao uko chini, subirini.” Kisha seva huwashwa upya na kazi huendelea. Hiyo si tiba. Seva huandika kumbukumbu za hitilafu. Humo fundi huona kama diski imejaa au hifadhidata imezidiwa na maombi. Asipozisoma, tatizo litarudi.

Mamlaka za mapato za Jumuiya zitangaze saa mfumo ulipozima na uliporudi, zieleze chanzo, na ada za kuhifadhi mzigo kwa saa hizo zisihesabiwe. Mfanyabiashara akichelewesha kodi hutozwa riba. Mfumo ukimchelewesha yeye, asibebeshwe gharama.