Mtu Mzima na Mtihani wa Saksafoni

Taifa lililoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima lilikwisha kulimaliza suala la aibu ya mtu mzima kukaa darasani. Mabibi na mababu walioshika kalamu kwa mara ya kwanza katika madarasa ya kisomo ni mashahidi wa jambo hilo. Ajabu ni kwamba somo hilo bado halijafika katika muziki. Baba wa miaka arobaini na mitano, mkazi wa Bagamoyo, akionekana na saksafoni mbele ya kitabu cha nota, akirudia ngazi ile ile ya sauti asubuhi na jioni, huchekwa. Huambiwa kwamba umri wake umepita, au kwamba anahangaikia cheti cha Wazungu. La kwanza ni upuuzi mtupu. La pili linastahili jibu.

Mtihani wenyewe unajulikana. Bodi ya London iitwayo ABRSM, iliyoundwa mwaka 1889, huwatahini wapigaji wa ala kwa madaraja manane, wala haiweki sharti la umri. Katika mtihani wa ana kwa ana alama zote ni 150: vipande vitatu vya muziki huchukua 90, ngazi za sauti 21, kusoma nota zisizowahi kuonwa 21, na majaribio ya sikio 18. Anayepata 100 amefaulu. Tangu mwaka 2020 upo pia mtihani wa vipande vitupu, ambao mtahiniwa hujirekodi kwa video na kuupeleka, hata akiwa Zinga au Kerege.

Sasa atazamwe mwanafunzi wetu. Kwa kawaida si mgeni wa ala hiyo. Saksafoni, iliyosajiliwa na Mbelgiji Adolphe Sax mjini Paris mwaka 1846, ilienea Afrika Mashariki kwa njia ya bendi za askari na kumbi za dansi, na bendi kama NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ziliifanya kuwa sauti ya nyumbani. Wengi wa waliofuata njia hiyo walijifunza kwa sikio, wakikaa karibu na mkubwa wao jukwaani na kuviiga vidole vyake.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wacheka watu hawalijui. Gitaa la dansi hupenda kupiga katika C, G au D. Saksafoni ya alto, kwa jinsi ilivyoundwa, ikitaka kulifuata gitaa katika G hulazimika kupiga ngazi yake ya E, yenye alama nne za kupandisha sauti. Gitaa likienda D, alto huenda B, yenye alama tano. Mpigaji wa bendi huzipita ngazi hizo usiku kucha bila kujua majina yake. Kisha hufungua kitabu cha daraja la kwanza na kukuta anatakiwa kuanzia kwenye ngazi nyepesi, zenye alama moja au mbili. Vidole vyake viko mbele, macho yake yako nyuma. Kazi yote ya maandalizi, basi, ni kuyafundisha macho yale ambayo vidole vimekwisha kuyajua, na kazi hiyo humchosha mtu mzima kuliko mtoto, kwa kuwa mtoto hana mazoea ya kuyavunja. Juu ya hayo, anayetaka kupanda zaidi ya daraja la tano hudaiwa kwa kawaida kwanza mtihani wa nadharia, ulioandikwa kwa Kiingereza na kujaa maneno ya Kitaliano.

Je, ni kasumba? La hasha. Kusoma nota ni kusoma. Anayejua nota hupokea muziki kutoka kwa mtu asiyemjua, na akitunga chake huweza kumwachia mwingine asiyewahi kumsikia. Nyimbo ngapi za dansi zimekwenda kaburini na wapigaji wake kwa kukosa karatasi moja? Kwa hiyo mpigaji wa Bunju au Mapinga anayeamka alfajiri kurudia ngazi zake kabla ya kwenda kazini anastahili heshima ya mwanafunzi yeyote, na hata msaada: nafasi ya kufanyia mazoezi bila majirani kulalamika, na tete za ala kwa bei inayolipika.

Hata hivyo mtihani huo unapima unachokipima tu. Katika majaribio ya sikio ya daraja la kwanza, mtahiniwa husikilizishwa muziki, akapiga makofi kufuata mapigo yake, kisha akaulizwa kama ni ya mbili au ya tatu. Aliyekulia katika ngoma za pwani amezoea mbili na tatu zikienda pamoja, ngoma moja ikivuta huku na nyingine kule, na mguu wa mchezaji ukichagua. Akisita kujibu hukosa alama, na huenda kusita kwake kunatokana na kusikia mengi zaidi. Cheti hakina mahali pa kuliandika hilo.

Lawama haiwaendei watu wa London, waliotengeneza kipimo cha muziki wao. Swali liulizwe hapa. Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, ambacho kwa jina la TaSUBa, tangu mwaka 2007, kinatoa vyeti na stashahada kwa wanaohudhuria masomo. Lakini mpigaji wa zumari wa makamo, anayeweza kuvuta pumzi puani huku mashavu yake yakiendelea kupuliza bila wimbo kukatika, hana ngazi ya kupanda akiwa nyumbani kwake, daraja baada ya daraja. Daraja la kwanza la zumari lidai nini? La nane je? Chuo kikiwaita wazee wa zumari na wa ngoma wakae mezani kuliandika hilo, na awemo mpigaji wa saksafoni aliyekwisha kusimama mbele ya mtahini wa London, kwa maana yeye anajua jinsi mtu anavyojisikia anapotakiwa kujibu kwa neno moja kama mapigo ni mawili au matatu.