Mshairi wa Bariadi Aende Lamadi Kwanza

Mashairi mengi ya vijana wetu wa bara yamejaa maji ya chumvi. Mtunzi anaishi katikati ya mashamba ya pamba ya Simiyu, lakini anatuandikia jahazi, nanga, mikoko na upepo wa kusi. Vina vinatimia na mizani zimekaa sawa, ila msomaji anahisi kwamba hakuna tone hata moja lililomrukia mtunzi. Simlaumu sana. Bahari ndiyo iliyoulea ushairi wetu, na hata aina za mashairi tunaziita bahari. Ninachodai ni kwamba mshairi huyu ana maji yake mwenyewe, ya karibu na ya gharama nafuu, na kuyapuuza ni hasara kwake na kwa Kiswahili.

Kutoka Bariadi hadi Lamadi, wilayani Busega, ni takriban kilomita 70 za lami. Mtu hupanda gari asubuhi, akashinda kando ya Ghuba ya Speke, akarudi kulala kwake. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000: nauli kubwa, malazi, na siku mbili za njiani peke yake. Mwalimu au mwanafunzi ataimudu safari hiyo mara ngapi? Lamadi inamdai nauli ndogo, ugali kwa sato, na daftari. Kuogelea aache, kwa maana ziwa lina kichocho, na mamba na viboko wamo. Kuangalia na kusikiliza kunatosha.

Atasikia nini? Kwanza, atagundua kwamba neno "pwani" halimfai. Pwani imetokana na kupwa: ni pale maji yanapokupwa na kuacha mchanga wazi. Ziwa Victoria halina kujaa na kupwa kwa kila siku kama bahari. Wavuvi wa huko wana neno lao, mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Ni neno zuri, limo hata katika nyaraka za serikali, lakini ni nadra kulikuta katika diwani. Vivyo hivyo majina ya samaki: sangara, furu, ningu. Hayo yote ni vina vinavyosubiri mtunzi.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, atakuta sitiari zake zimepinduliwa. Sote tumemsifu mpenzi kwa kumfananisha na mwezi mpevu. Mvuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa karabai au taa za sola, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukipevuka, taa yake haina nguvu tena, na kazi husimama. Basi mbele ya mke wa mvuvi huyo, mwezi mpevu ni habari ya sufuria tupu. Mshairi akilijua hilo, ataweza kuandika tena "mwezi mpevu" kwa mazoea tu?

Wapo watakaosema kwamba mshairi hahitaji kuona. Anayo macho ya moyo. Nakubali, na sitaki kumnyang'anya mtu wa Bariadi bahari aliyoirithi pamoja na lugha. Lakini macho ya moyo nayo hulishwa. Tukumbuke pia kwamba pwani haikuwahi kuwa sharti la umalenga. Amri Abedi, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, bingwa wa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Na Euphrase Kezilahabi, aliyetikisa misingi ya vina na mizani kwa *Kichomi* mwaka 1974, alitoka Ukerewe, kisiwa kinachopakana na ghuba hiyo hiyo inayoonekana kutoka Lamadi.

Walimu wa Kiswahili wa Bariadi, Maswa na Itilima, msingoje fedha za kuwapeleka wanafunzi Bagamoyo. Wapelekeni mwaloni siku moja, kisha wapeni kazi ya kutunga beti tatu pasipo kutumia neno pwani, jahazi wala lulu. Watakachorudi nacho kitakuwa na makosa ya mizani, bila shaka. Mizani hurekebishika.